Miembe ya Utange na Mivinje ya Bamburi

Mimi ni mkazi wa Utange, na ushahidi wangu hauko mbali. Jirani yetu Bamburi palikuwa na machimbo ya mawe ya saruji, jangwa jeupe pasipoota hata jani. Mwaka 1971 Bwana René Haller akaanza kupanda miti humo. Mivinje ikashika, lakini majani yake makavu yakarundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo, hawa hawa tunaowaponda kwa viatu! Wakayala, wakafanya udongo. Leo ni msitu, wenye viboko na twiga, waitwa Haller Park.

Nasi Utange, tuliojaaliwa udongo bila jasho, kiwanja kikiuzwa mwembe ndio wa kwanza kuangushwa. Ndugu zangu wenye kujenga, bakisheni japo mmoja, watoto wapate kivuli.