Siha si Mbio Pekee

Aghalabu Mkenya akitaja mtu mwenye siha humfikiria mkimbiaji. Si ajabu. Tangu Kipchoge Keino aliponyakua dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, hadi Eliud Kipchoge alipokamilisha masafa ya marathoni mjini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, mbio zimekuwa fahari ya taifa. Fahari hiyo ni halali; kosa ni kuigeuza kipimo cha mwili wa kila raia.

Mfano wa Syokimau, katika Kaunti ya Machakos, watosha. Mtaa huu una jina la nabii wa kike wa Wakamba anayesimuliwa kuwa aliagua ujio wa reli. Stesheni ilipofunguliwa hapo mwaka 2012, kisha barabara ya juu ya kulipia mwaka 2022, safari ya kwenda Nairobi ilikuwa nyepesi zaidi, lakini ni safari ya kuketi. Mkazi huketi garini, huketi ofisini, kisha hurejea kuketi sebuleni. Jumamosi alfajiri huvaa raba akakimbia kilomita 10. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hung'ang'ania viatu, na mbio huahirishwa.

Waama, mbio zina fadhila zake. Huupa moyo na mapafu kazi kubwa kwa muda mfupi, tena hazidai kidimbwi kama kuogelea, wala hazimweki mtu rehani kwa malori kama baiskeli kwenye Barabara ya Mombasa. Hata hivyo, kila hatua huitwika miguu nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Kwa mtu mzito anayeanza ghafla, huo si mzigo mdogo. Mabega na mikono, kwa upande wake, haiambulii kitu.

Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au makali kwa dakika 75 hadi 150, na fauka ya hayo kuimarisha misuli angalau siku 2. Sharti hili la mwisho ndilo wapenzi wa mbio husahau. (Anayepandisha madumu ya maji ghorofani huenda analitimiza bila kujua.)

Kiswahili chenyewe kina la kusema hapa, maana zoezi lina shina moja na zoea. Mbio za Jumamosi moja moja ni tukio tu. Anayetembea kwa haraka dakika 15 hadi stesheni na 15 kurudi, siku 5 kwa wiki, hufikisha dakika 150 kamili. Akiongeza kujisukuma sakafuni jioni mbili, amemzidi mkimbiaji wa Jumamosi. Mtu huyo hahitaji medali. Anahitaji njia salama ya waendao kwa miguu, na kaunti ingemfaa zaidi kwa kumjengea hiyo kuliko kwa kumwandalia mashindano ya siku moja.