Benki Kuu ni ya nani?

Ndugu msomaji, wewe unayeshinda juani na mitumba begani, usiseme Benki Kuu ni mambo ya wasomi. Ilifunguliwa 1966 tupate shilingi yetu wenyewe. Sheria ya 1995 ikaigeuza: kazi yake ya kwanza ikawa kulinda bei zisipae. Yaani nauli yako na unga wako viko mikononi mwao.

Wanatuambia gavana aachwe huru, wanasiasa wasimwingilie. Sawa, lakini anateuliwa na Rais, si wewe. Na huru mbele ya nani?

Kumbuka EPA, akaunti ya madeni ya nje. Mwaka wa fedha 2005/06 makampuni 22 yalichotewa shilingi bilioni 133 humo humo Benki Kuu! Wakaguzi wakakuta bilioni 90 zimetoka kwa hati za uongo na za kughushi. Wapinzani walipiga kelele bungeni 2007, wakabezwa. Januari 2008 gavana Daudi Ballali akafukuzwa.

Waliochota je? Rais Kikwete akawapa hadi Oktoba 31, 2008 warudishe, wasiorudisha ndio wapelekwe mahakamani. Wewe ukiiba kuku Manzese, nani atakupa miezi ya kurudisha manyoya?