Daka na Simu
Nyumba za mawe za Lamu zina daka: mgeni huketi hapo, asiingie ndani mpaka aruhusiwe. Mgeni wa leo, ndugu msomaji, hupitia simu wala hapigi hodi. Mwaka 2023 Google ilianza kuzitia ukungu picha chafu kwa asiyechagua lolote. Atakaye ziondolewe kabisa sharti achague mwenyewe. Lakini yaletwayo na WhatsApp hayaguswi.

Lipo la pili. Anwani 1.1.1.3 ya Cloudflare, iliyotolewa 2020, ukiitia katika ruta ya waifai huzuia tovuti za uchi kwa nyumba nzima, ingawa mtoto akinunua bando lake amekwisha toka. Nyumba nzima, nasema, na baba yumo. Hapo ndipo akina baba wengi wanapoguna.