Hilo Si Uzee, Wazee Wangu

Barua ya Kagera, na Projestus Kamugisha

Katika matanga ya Kamachumu na Izimbya, ambako wazee hukesha na lubisi hata alfajiri, mwenye jicho hupambanua bila taabu ni nani kati yao aliye na shida asiyoweza kuitaja: ndiye yule anayeinuka mara kwa mara, akaenda nyuma ya migomba, akashika shina kwa mkono mmoja na kungoja, huku akiendelea kuzungumza juu ya bei ya kahawa kwa sauti kubwa kuliko ilivyo haja, ili adhaniwe kuwa yumo katika maongezi wala si katika mashaka, na baada ya kitambo kirefu hurudi, kiatu kimoja kina matone. Akiulizwa, hujibu kwamba ni uzee. Kwa rai yangu, jawabu hilo limewadhuru wanaume wengi wa Bukoba na Muleba.

Umri una sehemu yake, sikatai. Tezi dume, ambayo kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi, imekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mfereji wa mkojo. Aghalabu huanza kutanuka mtu akiisha kupita miaka 40, na katika wanaume wa miaka 60 takriban nusu wanayo iliyokwisha kutanuka. Ikiubana mfereji, mkojo huchelewa kuanza, hutoka mwembamba, hukatika na kuanza tena. Na kibofu, ambacho ni msuli, hushurutika kusukuma kwa nguvu hata kikachoka na kubakiza mkojo ndani, nao ule uliobaki ukazaa wadudu na mawe, pengine ukazidhuru figo. Lakini kisukari nacho huweza kuilegeza mishipa ya fahamu ya kibofu. Kisonono cha ujanani huacha kovu linaloziba njia hata kwa kijana wa miaka 25. Na vidonge kadhaa vya mafua huifunga njia hiyo zaidi. Mambo haya yote yanaitwaje uzee?

Nastaajabu kwamba sisi, tusiomwachia karani wa chama cha msingi hata kilo moja ya kahawa bila ya kuukodolea macho mshale wa mizani, hatujapata kulipima jambo hili, ilhali kipimo chake ni kikombe chenye alama na saa ya mkononi. Mtu akitoa mililita 300 kwa sekunde 20, mkondo wake ni mzuri. Akitumia dakika nzima, ametoa mililita 5 kwa sekunde, na hiyo ni habari ya kumpelekea tabibu.

Nyumbani yapo ya kufanya: kupunguza vinywaji saa mbili au tatu kabla ya kulala, na hasa kahawa na lubisi ya jioni, kukojoa bila haraka, kisha kungoja kidogo na kujaribu tena, kutoacha choo kiwe kigumu, na kuketi wakati wa kukojoa, ijapokuwa baadhi ya wazee wataniona nimewavunjia heshima. Ama magome, sina dharau nayo: gome la mti wa Prunus africana, uotao katika milima ya Afrika, limekuwa likitengenezewa dawa ya tezi huko Ulaya kwa miongo mingi. Walakini hakuna gome liwezalo kumwambia mtu kama tezi yake imetanuka tu au ina saratani, na dalili za mawili hayo hufanana mno.

Hilo ni la hospitali: Rubya, Ndolage, Kagondo, au ile ya rufaa ya mkoa mjini Bukoba. Kinachowatisha wengi ni kidole cha tabibu kupitia njia ya haja kubwa, naye tabibu pengine ni rika la mjukuu. Lakini kipimo hicho hakimalizi dakika, na kile cha damu kiitwacho PSA hakikifuti. Kutanuka kwa tezi si saratani wala hakugeuki kuwa saratani. Nako kuna dawa: tamsulosin huilegeza misuli ndani ya siku chache, ila huweza kumtia mtu kizunguzungu anapoinuka. Finasteride huisinyaza tezi taratibu, na yataka subira ya miezi 6. Panapolazimu upasuaji, uko unaopita ndani ya mfereji wenyewe bila ya kupasua tumbo, na mabingwa wa mfumo wa mkojo wapo hospitali ya Bugando, Mwanza.

Nawe kijana uliye na baba nyumbani: siku atakaposhindwa kutoa hata tone, na tumbo la chini likajaa na kuuma, usimnyweshe maji kwa kudhani yatafungua njia, wala usimchemshie mizizi. Mtafutie gari usiku huo huo umfikishe hospitali akawekewe mpira wa mkojo, usingoje kukuche.