Kibuyu cha Mzamiaji

Ndugu msomaji wa Kitete, pengine utauliza: sisi watu wa Tabora, tulio mbali kwa kilomita 840 za reli kutoka Dar es Salaam, mkondo wa bahari unatuhusu nini? Unatuhusu sana. Tangu enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipobeba pembe kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, njia ya watu wa hapa imeishia pwani. Hata leo vijana wetu huteremka huko kutafuta kazi, na wengine huvuka hadi Unguja na Pemba. Basi juma hili tuzungumze juu ya mahali pamoja katika bahari hiyo, na juu ya watu wanaozama humo kwa hiari yao na kurudi salama.

Kaskazini ya Nungwi, katika bahari iliyo baina ya Unguja na Pemba, kuna mlima uliofunikwa na maji. Ramani huuita Leven, jina la meli ya Kapteni William Owen, Mwingereza aliyepima pwani zetu katika miaka ya 1820. Kilele chake kiko kiasi cha mita 14 chini ya uso wa bahari, na pembeni mwake sakafu huporomoka mamia ya mita. Afikaye hapo kwa mashua haoni kisiwa wala mwamba, bali maji matupu.

Pwani yetu ina mkondo mkubwa unaotiririka kuelekea kaskazini, nao huzidi nguvu majira ya kusi. Ukikutana na mlima huo, maji hubanwa na kupita kwa kasi, kama mto upitao penye mlango mwembamba. Kasi hiyo huleta chakula. Chakula huvuta samaki wadogo. Nao huvuta kolekole, nguru na jodari. Hivyo kinachowaita wavuvi na wazamiaji mahali hapo ndicho kinachoweza kuwaangamiza.

Mtu mwenye mtungi wa hewa mgongoni na mapezi miguuni huchoka upesi akishindana na maji yaendayo kilomita 2 tu kwa saa. Kwa hiyo mzamiaji mwenye busara hashindani nayo. Huingia pamoja na wenzake, hushuka mara moja kabla mkondo haujawapitisha kilele, kisha hujiachia achukuliwe. Wakati wa kupanda, hutoa boya refu la rangi kali, na nahodha aliyekuwa akiwafuata hulikimbilia. Asiye na boya, kichwa chake hufichwa na wimbi dogo tu.

Jambo la pili ni hewa. Wazee wetu walipovuka Mgunda Mkali, ile nyika kame iliyotenga Ugogo na Unyanyembe, hapana aliyeondoka bila kupima maji ya kibuyu chake. Mtungi ndio kibuyu cha mzamiaji. Mtungi wa lita 12 ukishindiliwa hadi kipimo cha 200 una hewa lita 2,400. Mtu mtulivu huvuta kiasi cha lita 20 kwa dakika, kwa hiyo juu ya nchi ingemtosha saa mbili. Lakini kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa anga yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo katika mita 20 kila pumzi hula hewa mara tatu, na saa mbili huwa dakika 40. Akihangaika na mkondo, akavuta maradufu, dakika 40 huwa 20. Na katika hizo hana budi kubakiza akiba ya kurudia.

Wala kurudi si kukurupuka. Akipanda haraka, gesi iliyoingia katika damu hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo huweza kumpoozesha au kumwua. Hivyo hupanda polepole, mita zisizozidi 10 kwa dakika, husimama dakika tatu penye mita 5, wala hazuii pumzi kamwe.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hapo Leven methali hiyo haifai. Kiongozi wa wazamiaji, mfano wa kirangozi wa msafara, hutazama maji kwanza. Akiona mkondo umezidi, hugeuza mashua ingawa wote wamekwisha kuvaa na kulipa. Huo si woga. Huo ndio ujuzi wenyewe.

Nasema hivi kwa sababu upo msiba uliotufunza. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli Spice Islander I, ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Zaidi ya watu 200 walithibitishwa kufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Waliletwa wazamiaji kutoka Afrika ya Kusini, watu wa kazi hiyo, lakini kina kirefu na mkondo mkali viliwazuia kuifikia meli. Tafakari, msomaji: waliosomea kuzama walishindwa kuwafuata waliozama bila kutaka.

Maana yake ni kwamba usalama wa majini huamuliwa nchi kavu. Mzazi unayemsindikiza mwanao stesheni, mpe nauli na nguo, lakini mpe na maneno haya pia: akiona chombo kimejaa kuliko kiasi, asipande, hata kama tiketi iko mkononi na wenzake wanamcheka. Akipanda, aulize jaketi la kuokolea liko wapi kabla nanga haijang'olewa. Akichukuliwa na maji ya ufukweni, asipigane nayo uso kwa uso. Aelee, atulize pumzi, kisha aogelee kwa kukata ubavuni mwa mkondo hadi autoke.

Tiketi iliyopotea hununuliwa nyingine. Wapagazi wa zamani hawakuona aibu kuchelewa kuvuka Mgunda Mkali hadi vibuyu vijae. Watoto wetu nao wasione aibu kubaki gatini wakiisubiri meli ya kesho.