Kutoka Mlangoni Hadi Dukani

Jirani zangu wa Mombasa, wa Kisauni na Likoni, wa Majengo na Changamwe, nina ombi kwenu, na nitaanza na jambo mnaloliona wenyewe kila mwaka.

Mwezi wa Ramadhani, mvutaji ambaye siku za kawaida hamalizi glasi ya chai bila sigara hukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila kugusa hata moja. Ni saa 13 na ushei. Imani ndiyo inayomshika kwanza, wala siipunguzii chembe. Lakini tazameni na mtaa unavyomsaidia. Barazani hakuna anayewasha, maskani hakuna anayempitishia, na hata jirani asiyefunga humsitiri mwenzake akaenda kuvutia kando. Mtaa mzima unashinda naye. Kisha adhana ya magharibi inaingia, anafuturu kwa tende, na punde moshi unapanda barazani. Yule aliyenuia kuacha moja kwa moja anashindwa hapo hapo, mbele yetu, mara nyingi kwa sigara aliyopewa na mmoja wetu.

Tumezoea kusema, "Huyo hana nia." Nami nilikuwa nikisema hivyo, mpaka nilipomwona jirani yangu, fundi seremala, akijaribu kuacha kwa mara ya tatu. Kutoka kwake hadi karakana yake ni mwendo wa dakika 5. Njiani kuna maduka manne na kibanda cha majani ya muguka, na kote huko sigara inauzwa moja moja. Dirishani pa duka la kwanza kinaning'inia kiberiti cha gesi kilichofungwa uzi, apitaye awashe. Majaribio mawili ya kwanza yaliishia pale. Safari ya tatu alianza kupita nyuma ya msikiti, njia ya mzunguko, ndefu mara mbili, na sasa ni miezi hajavuta. Nafurahi kwa ajili yake, na naona uchungu pia: mtu mzima, mwenye watoto, anaukwepa mtaa alikozaliwa ili aupate uzima wake.

Nia anayo. Nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20, na ubongo huifungamanisha na kila kilichokuwapo wakati ule: harufu, chai, kona fulani, mlio wa kiberiti. Mwili huidai kwa ukali siku za mwanzo. Hasira huja karibu, usingizi hukimbia, na katika majuma machache mambo hutulia. Kinachobaki muda mrefu ni kumbukumbu za mahali. Mtu amemaliza mwezi salama, ananusa moshi kwenye kona aliyoizoea, kiu inamrudia kama aliacha jana. Kiu hiyo kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Kwa hiyo umbali una maana kubwa: sigara ikiwa mbali, kiu inaweza kwisha kabla hajaifikia. Huko Finland, utafiti uliofuatilia maelfu ya wavutaji na walioacha, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba duka la sigara likizidi kuwa mbali na nyumba ya mtu, uwezekano wa kuacha nao huongezeka.

Mwenye duka, sikuombi ufunge biashara. Najua anayekuja kwa sigara huondoka pia na mkate na maziwa. Lakini sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 hairuhusu sigara iuzwe ila katika pakiti yenye 10 au zaidi, wala hairuhusu kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Anayejaribu kuacha hatafuti pakiti. Anatafuta moja, "hii tu, basi," na hiyo moja anaipata kwako kwa sarafu iliyo mfukoni. Acha kuuza moja moja. Ondoa na ule uzi. Nasi wazazi tuache kuwatuma watoto dukani kutununulia sigara.

Vijana wa maskani, najua kumgawia mwenzako ni ukarimu, na kumkatalia ni kama kumtenga. Akikuambia ameacha, mpe kitu kingine: mwite kwenye dhumna, mpeleke kiwanjani. Muguka na sigara huitana, hilo mwalijua kuliko mimi, basi msimkalishe katikati ya vyote viwili wiki zake za mwanzo. Simwombi mvutaji aondoke barazani. Naye ni ndugu yetu. Asogee tu upande uendako upepo, mbali na mlango wenye watoto.

Nanyi wa nyumbani, mvumilieni siku zile anapokuwa mkali bila sababu. Akihitaji wa kuzungumza naye, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na dawa za kulevya, hupigwa bure.

Leo baada ya Isha, mkikutana, mwulizeni anayejaribu kuacha ni saa ngapi inayomlemea zaidi. Huenda ni baada ya chakula cha usiku. Gawaneni siku, mmoja wenu ampitie saa hiyo, atembee naye mpaka ufukweni na kurudi.

Fundi bado anapita nyuma ya msikiti. Ningependa nimwone akipita njia fupi.