Burundi: Ng'ombe wamo zizini, ni nani anayepima viwele vyao?

Sheria ya Oktoba 4, 2018, iliyoanza kutekelezwa miaka mitatu baadaye, iliwataka wafugaji wa Burundi kuwafungia mifugo wao zizini moja kwa moja na kuacha kuwaachia wazurure. Kusudi lake lilieleweka: kukomesha ugomvi kati ya wakulima na wachungaji, kupata mbolea, na kuongeza maziwa kwa kuwabadilisha ng'ombe wa asili wenye pembe ndefu kwa mahuluti wa kisasa.

Mabadiliko hayo yana upande mwingine usiotajwa sana mjini Bujumbura, ambako maziwa kutoka vilimani hunywewa kila siku. Ng'ombe anayelala, kula na kukamuliwa mahali pamoja yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa kiwele. Na ng'ombe wa maziwa mengi huugua kwa urahisi kuliko yule wa asili anayetoa lita chache tu.

Katika nchi ambayo salamu yake ya heshima, "Amashyo", humtakia mtu makundi ya ng'ombe, kiwele kilichokauka si hasara ndogo. Familia nyingi zilipata ng'ombe wao kupitia utaratibu wa mshikamano, ambapo aliyepewa ng'ombe humpa jirani ndama wa kwanza. Ng'ombe akiharibika chuchu mbili, ndama hukosa maziwa, na jirani naye husubiri.

Jina moja, maadui wengi

Ugonjwa huu husababishwa hasa na bakteria, na hapo ndipo penye ugumu. Streptococcus agalactiae na Staphylococcus aureus husambaa kutoka ng'ombe hadi ng'ombe kwa mikono ya mkamuaji na kitambaa kinachofuta kila kiwele. Escherichia coli hutoka kwenye kinyesi na matandiko yenye unyevu. Ugonjwa unaonekana mmoja, lakini tiba na kinga ni tofauti.

Hata ndani ya spishi moja, nasaba hazifanani. Baadhi ya Staphylococcus aureus hubeba jeni za sumu zinazoua chembe nyeupe za damu za ng'ombe. Wengine hujenga utando unaowakinga dhidi ya dawa. Wengine hutoa kimeng'enya kinachoiharibu penisilini. Ndiyo sababu chanjo inayofaa mahali pamoja inaweza kushindwa kwingine.

Uchunguzi wa vinasaba una faida ya moja kwa moja kwa mfugaji. Ng'ombe wote wagonjwa wakikutwa na nasaba moja, kosa limo katika ukamuaji. Nasaba zikiwa nyingi na tofauti, lawama huelekea kwenye sakafu ya zizi. Katika jimbo la Ticino, Uswisi, wataalamu waliiandama nasaba moja iambukizayo haraka, iitwayo jenotipu B: walipima maziwa ya mifugo, wakaagiza wagonjwa wakamuliwe mwisho, watibiwe au waondolewe kundini. Maambukizi yalipungua sana. Agizo la kumkamua mgonjwa mwisho, ikumbukwe, halihitaji hata faranga moja.

Afrika Mashariki nayo ina funzo lake. Utafiti kwa ngamia wa Kenya umeonyesha nasaba za Streptococcus agalactiae za ngamia wenyewe, baadhi zikiwa sugu kwa tetrasaiklini, dawa inayotumika sana kwa mifugo.

Kuchemsha hakutoshi

Kwa mlaji wa Bujumbura, kuchemsha maziwa ni kinga ya lazima, kwani huua bakteria. Lakini baadhi ya nasaba za Staphylococcus aureus hutoa sumu isiyoharibiwa na moto wa jikoni. Mwaka 2000, zaidi ya watu 13,000 waliugua nchini Japani baada ya kunywa maziwa ya kampuni ya Snow Brand. Uchunguzi ulifika hadi kwenye kiwanda cha maziwa ya unga kilichokuwa kimekatikiwa umeme. Ikiwa hayo yaliipata Japani, mji uliozoea umeme wa kukatika na uhaba wa mafuta unaochelewesha usafiri hauna budi kujihadhari zaidi.

Kuna pia njia ya pili ya hatari. Mwaka 2013, uchambuzi wa vinasaba ulionyesha kuwa kundi la CC97, lililozoeleka kwa ng'ombe, lilikwisha kuvuka na kuenea miongoni mwa binadamu katika mabara kadhaa. Mfugaji anayenunua dawa dukani na kuitumia kwa kubahatisha, kisha akaacha mara kiwele kinapopoa, huzipa nafasi nasaba sugu zizini mwake na pengine nyumbani mwake.

Vifaa vya mwanzo si ghali. Kipimo cha California, kilichobuniwa mwaka 1957, ni kisahani chenye vikombe vinne na sabuni maalumu: maziwa ya chuchu yenye ugonjwa huganda kama uteute, hata kama kwa macho yanaonekana safi. Kinachokosekana ni hatua ya pili, yaani sampuli kufika maabara na jibu kumrudia mfugaji kabla hajanunua dawa.

Na kuna suala la bei. Maadamu mnunuzi hulipia lita bila kuuliza ubora, mfugaji anayemwaga maziwa ya ng'ombe aliye kwenye tiba hupata hasara peke yake, na jirani yake anayeyachanganya ndooni hulipwa kamili.